Kutumwa Katika Shamba Lako: Upinzani wa Matuta Usambara kama Uasi wa Baada ya Utumwa

Utangulizi

Historia ya uasi dhidi ya ukoloni nchini Tanzania husimuliwa mara nyingi kwa kufuata mlio wa bunduki. Vita vya Abushiri vya 1888 hadi 1889, upinzani wa Wahehe chini ya Mkwawa, na Maji Maji ya 1905 hadi 1907 vimepewa sura zake katika vitabu vya shule, nayo ni haki. Matukio ambayo bunduki haikulia, au ililia kidogo, hupewa majina madogo: malalamiko, ukaidi, mgomo wa wakulima. Miongoni mwa matukio hayo ni upinzani wa wakulima wa Usambara dhidi ya kazi ya matuta, ulioanza katikati ya miaka ya 1940 na kuendelea hadi serikali ya kikoloni ilipouacha mpango wake mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa kawaida upinzani huo huelezwa kuwa sehemu ya historia ya kilimo. Serikali ilitaka kuhifadhi udongo, wakulima hawakutaka, chama cha TANU kikautumia mgogoro huo kujipatia wafuasi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni pungufu. Dai la makala hii ni kwamba mgogoro wa matuta ulikuwa, katika kiini chake, uasi wa baada ya utumwa: mapambano ya watu ambao sheria ilikuwa imewaambia kwamba wako huru, huku mpangilio wa kazi, mahakama na utawala ukiwaambia vinginevyo. Ushahidi wa dai hili umo katika historia ya kazi ya mahali hapo. Umo pia katika lugha yenyewe, katika maneno mtumwa na uhuru ambayo wanafunzi wa Kiswahili huyatamka kila siku bila kuyauliza yalikotoka.

Kielelezo cha Morant Bay

Ili kuelewa maana ya uasi wa baada ya utumwa, inafaa kwanza kuutazama mfano unaojulikana zaidi duniani, yaani ule wa Jamaika. Katika makoloni ya Uingereza ya Karibi, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, na kipindi cha mpito kilichowalazimisha walioachwa huru kuendelea kuwatumikia mabwana wao kilimalizika mwaka 1838. Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki wa watumwa wa makoloni yake. Watumwa wenyewe hawakufidiwa chochote.

Miaka 27 baadaye, mwaka 1865, hali ya walioachwa huru ilikuwa ya kusikitisha. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa. Mahakimu walikuwa wao hao wenye mashamba, au jamaa na marafiki zao. Katika kisiwa chenye watu zaidi ya 400,000, waliokuwa na haki ya kupiga kura hawakufika 2,000. Maskini wa wilaya ya St. Ann walipomwandikia Malkia kumwomba ardhi ya kulima, jibu lililotoka London liliwashauri wafanye kazi kwa bidii na kutegemea ujira. Tarehe 11 Oktoba 1865, Paul Bogle, shemasi wa Kibaptisti wa kijiji cha Stony Gut, aliongoza mamia ya watu hadi kwenye mahakama ya Morant Bay. Askari wa mgambo walifyatua risasi na kuua watu 7. Umati ukaichoma moto mahakama, na kabla ya siku kwisha maofisa na askari kadhaa walikuwa wameuawa. Gavana Edward John Eyre alitangaza sheria ya kijeshi. Kwa mujibu wa tume iliyoundwa na serikali ya Uingereza, watu 439 waliuawa, wapatao 600 walichapwa viboko, na nyumba zipatazo 1,000 zilichomwa. Bogle alinyongwa, na kadhalika George William Gordon, mjumbe wa baraza la kutunga sheria ambaye hakuwapo hata mahali pa tukio.

Jambo la kuzingatia hapa ni kile kilichochomwa. Umati wa Morant Bay ulikwenda mahakamani, na hasira yake iliangukia jengo hilo, kwa sababu hapo ndipo uhuru wa 1838 ulipokuwa ukitenguliwa kila siku kwa faini, kwa kesi za kuingia shamba la mtu, na kwa hukumu za mabwana wa zamani. Uasi wa baada ya utumwa ni uasi wa mtu aliyepewa jina la mtu huru akanyimwa mambo yanayolifanya jina hilo kuwa kweli: ardhi, haki mbele ya sheria, na mamlaka juu ya nguvu za mwili wake.

Hakuna haja ya kudai kwamba wakulima wa Usambara walijua habari za Bogle. Ulinganisho unahusu hali, na hali hizo mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa.

Utumwa Usambara na kukoma kwake

Ufalme wa Washambaa ulikuwa na makao yake Vugha, chini ya ukoo wa Wakilindi. Johann Ludwig Krapf alipofika huko mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alimkuta Kimweri ye Nyumbai akiwa mtawala wa eneo kubwa lililoshuka kutoka milimani hadi pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake ufalme ukapasuka. Mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani, akapata bunduki na baruti. Vita vya kugombea ufalme vikawa pia njia ya kupata mateka, na mateka walikuwa na bei pwani. Abdallah bin Hemedi, mtunzi wa Habari za Wakilindi, aliziandika habari za utawala huo kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi anao ushahidi wa maandishi katika lugha yake mwenyewe.

Watu hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi waliokuwa wakiwatawala na kuwauza, wakawafukuza katika nchi yao. Uasi huo hukumbukwa kwa jina la Kiva. Kwa hiyo, kabla Mdachi hajafika, eneo hili lilikuwa tayari na kumbukumbu ya uasi uliolenga biashara ya watu, na uasi huo ulielekezwa kwa watawala wenyeji.

Utawala wa Kijerumani ulimnyonga Mfalme Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895, lakini haukuufuta utumwa. Agizo la 1904 lilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa na wazazi watumwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Wazazi wao waliendelea kuwa watumwa kisheria. Ilibidi kungoja utawala wa Kiingereza na sheria ya 1922 ili utumwa ukatazwe Tanganyika nzima. Hapa ipo hesabu rahisi ambayo wanahistoria wengi wameipita bila kuiona. Mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1900 alikuwa na umri wa miaka 46 mpango wa matuta ulipoanza Mlalo. Kwa kizazi hicho utumwa haukuwa hadithi ya mababu.

Kazi ya lazima baada ya jina kufutwa

Wakati utumwa ukipungua, kazi ya lazima ilikuwa ikiongezeka. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, watawala wa Kijerumani walianzisha utaratibu wa kadi. Kila mwanamume wa Usambara Magharibi alitakiwa kumfanyia kazi mzungu kwa siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyefanya hivyo aliweza kupelekwa kwenye kazi za serikali. Kodi nayo ilifanya kazi ileile kwa njia nyingine, kwa kuwa fedha ya kulipia kodi ilipatikana mashambani mwa walowezi.

Zao kuu la mashamba hayo, hasa chini tambarare, likawa mkonge. Miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida, na asili ya mmea huo ni Yucatán nchini Meksiko, kandokando ya bahari ileile inayoizunguka Jamaika. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutoka hiyo ukaenea mkonge wa Tanganyika. Pamoja na mkonge yakaja maneno yake. Manamba alikuwa kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, akatambuliwa kwa namba. Kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwakamata watu kwa nguvu ya sheria na kuwapeleka kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira. Hayo yalifanyika katika nchi ambayo miaka 20 tu kabla ilikuwa imetangaza kwamba hakuna mtu awezaye kulazimishwa kumtumikia mwingine.

Mnazi, kata iliyo tambarare kaskazini mwa safu ya Usambara Magharibi, kuelekea bonde la Umba na mpaka wa Kenya, ni mahali panapoonyesha vizuri mpangilio wa nchi hii. Chini ipo nyika, na katika nyika hiyo mkonge umelimwa. Juu ya ukingo wa milima ziko Mtae na Mlalo, ambako mvua ni nyingi na watu wamebanana. Mshambaa wa milimani alijua tangu zamani kwamba nyika ni mahali pa jua kali, njaa na maradhi. Katika zama za mkonge akajifunza kwamba ni mahali pa kibarua pia. Mwenye shamba lake mwenyewe mlimani, hata likiwa dogo, hakulazimika kushuka. Aliyekosa shamba alishuka. Kwa sababu hiyo shamba la mlimani lilikuwa na thamani iliyozidi mahindi na migomba iliyoota ndani yake. Lilikuwa ndiyo tofauti kati ya kujituma na kutumwa. Amri yoyote iliyoligusa shamba hilo iligusa tofauti hiyo.

Jambo la pili lililotayarisha mgogoro lilikuwa kurudishwa kwa Wakilindi. Katika miaka ya 1920, chini ya siasa ya Gavana Donald Cameron ya kutawala kupitia watemi na machifu, Kinyashi wa ukoo huo alikalishwa tena katika kiti cha Vugha. Machifu wakapewa mahakama, makarani na mishahara. Kwa afisa wa wilaya, hii ilikuwa kurejesha mila. Kwa familia zilizokumbuka nani aliuzwa na nani aliuza, ilikuwa jambo jingine kabisa: ukoo uliokuwa umefanya biashara ya watu sasa ulikuwa umekalia kiti cha hakimu, na safari hii serikali ya Kiingereza ikiwa nyuma yake.

Mpango wa matuta

Mwaka 1946 serikali ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na kuanzia mwaka 1950 ukatandazwa katika Usambara Magharibi. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta yaliyokata mteremko ili kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo. Sehemu zenye mteremko mkali zilikatazwa kulimwa. Asiyetimiza amri alishitakiwa mbele ya mahakama ya chifu, akatozwa faini au kufungwa.

Si kweli kwamba wakulima hao hawakuijua ardhi yao. Kuchanganya mahindi na maharage chini ya migomba kulikuwa njia ya zamani ya kuufunika udongo. Tuta lenyewe halikuwa kitu kigeni. Kila mwenye kulima viazi alilijua. Kilichokuwa kigeni ni tuta la amri, lililopimwa na mtu asiyelima na kukaguliwa na mtu mwenye daftari. Kazi yake ilikuwa nzito kupita kiasi, haikuwa na ujira, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta fedha ya kodi. Zaidi ya hayo kulikuwa na hofu ya ardhi. Walowezi walikuwa wamechukua maeneo mazuri tangu enzi za Wajerumani, na misitu mikubwa ilikuwa imefungwa kuwa hifadhi. Wakulima maskini waliolima mashamba ya kuazima walijiuliza: ardhi ikikwisha kutengenezwa kwa jasho lao, itabaki kuwa ya nani?

Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara, ameonyesha kwamba mjadala huu uliendeshwa kwa dhana za Kishambaa zenye umri mrefu. Dhana mbili ni kuu: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala aliyeshika nguvu peke yake na kuzitumia kwa uadilifu aliiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana. Palipokuwa na nguvu kwa nguvu, mamlaka ikishindana na mamlaka, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Kwa kipimo hicho wakulima walimhukumu chifu aliyesimamia matuta: amekuwa mtu wa kutumwa na serikali, hawezi tena kuiponya nchi. Mwaka 1947 Magogo, aliyekuwa mtawala wa Vugha, aliachia madaraka katika mazingira ya upinzani huo, na Kimweri Mputa Magogo akashika nafasi yake. Mtawala mpya alikuwa na elimu ya shule, lakini kazi aliyopewa ilikuwa ileile, na upinzani ukaendelea. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, iliwakuta watu wa Usambara wakiwa tayari na kesi yao, na kesi hiyo ilikuwa na umri wa miaka minane.

Ushahidi wa lugha

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili ina la kusema ambalo mwanahistoria wa kilimo hawezi kulisema peke yake. Neno mtumwa limetokana na kitenzi tuma, katika umbo la kutendwa. Mtumwa, kwa maana ya asili ya neno, ni anayetumwa. Lugha haikumfafanua kwa mnyororo, kwa soko wala kwa rangi. Ilimfafanua kwa uhusiano: nguvu zake zinaongozwa na nia ya mwingine. Kutokana na mzizi huohuo tumepata mtume, mtumishi na utumishi, na kila mzungumzaji anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo. Mtumishi hutumika na kulipwa, mtumwa hutumwa.

Kinyume chake ni huru, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mtu asiye mtumwa. Katika Kiswahili cha karne ya 19, kumpa mtu uhuru kulikuwa kumwachilia kutoka utumwani. Bendera, bunge na wimbo wa taifa havikuwa ndani ya neno hilo. Ilipofika miaka ya 1950, TANU ilipolichukua neno uhuru na kulifanya wito wa taifa zima, haikulikuta tupu. Katika milima ya Usambara lilikuwa bado limebeba kinyume chake. Wakulima waliposema kwamba kuchimba matuta kwa amri, bila ujira, chini ya tishio la jela, ni utumwa, hawakuwa wakitumia tamathali ya semi. Walikuwa wakitoa ufafanuzi sahihi wa neno. Mtu alikuwa akitumwa katika shamba lake mwenyewe.

Uchambuzi huu unasaidia kueleza jambo ambalo maofisa wa kikoloni hawakulielewa, nalo ni ukubwa wa hasira ya watu juu ya jambo lililoonekana la kitaalamu tu. Afisa aliona mfereji na tuta. Mkulima aliona mpaka wa mwisho wa uhuru wake ukivukwa. Nyikani, mkonge ulikuwa wa bwana na kila mtu alijua hivyo. Kibarua alipomaliza kipande chake aliweza kurudi nyumbani. Matuta yalimfuata mtu hadi nyumbani.

Hoja za upinzani

Dai hili linaweza kupingwa kwa hoja tatu. Hoja ya kwanza ni kwamba mmomonyoko ulikuwa wa kweli na kwamba serikali ilikuwa na nia njema. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Lakini nia njema haibadilishi uhusiano kati ya anayeamuru na anayetii. Wenye mashamba wa Jamaika nao waliamini kwamba kazi na ujira vingewafaa walioachwa huru kuliko ardhi. Aidha, serikali iliyotaka udongo uhifadhiwe ingeweza kuanza kwa kulitazama tatizo la ufinyu wa ardhi, ambalo lilisababishwa kwa sehemu na uchukuaji wa ardhi uliofanywa na wakoloni wenyewe.

Hoja ya pili ni kwamba hapakuwa na damu, na kwa hiyo neno uasi ni kubwa mno. Tofauti hiyo ni ya kweli. Usambara haikuwa na Oktoba yake ya 1865. Hata hivyo kipimo cha damu humpa mtawala uwezo wa kuamua nani aitwe mwasi, kwa kuwa mara nyingi ni yeye anayefyatua risasi ya kwanza. Huko Uluguru, mwaka 1955, mgogoro wa amri za kilimo za aina hiyohiyo uliishia polisi kufyatua risasi na mtu kupoteza maisha. Upareni, jirani kabisa na Usambara, maelfu ya watu walipiga kambi kwa miezi mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru, nao walishinda bila silaha. Kati ya mifano hiyo hakuna tofauti ya madai, ipo tofauti ya majibu ya serikali. Waasi wa Usambara walimtikisa mtawala kitini, walizikaidi mahakama kwa zaidi ya miaka kumi, na hatimaye mpango uliachwa. Ikiwa huo si uasi, neno lenyewe litakuwa halina kazi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba kuyaita matuta utumwa ni kuwakosea walioonja utumwa wenyewe, wale waliofungwa kamba Mazinde na kuuzwa pwani. Hoja hii inastahili heshima. Si sahihi kuyalinganisha mateso ya aina mbili kana kwamba uzito wake ni mmoja. Lakini jibu limo katika hesabu iliyotangulia kutajwa. Miongoni mwa waliosikia amri ya matuta mwaka 1946 walikuwamo watu waliozaliwa utumwani, na wana wa waliouzwa, na wana wa waliouza. Hao ndio waliolichagua neno. Mtafiti wa leo hana haki ya kuwaambia kwamba walikosea kulitumia.

Ni lazima hata hivyo kukiri udhaifu mmoja wa upinzani wenyewe. Wanawake ndio waliobeba mzigo mkubwa wa majembe, lakini katika masimulizi ya baadaye viongozi wanaotajwa ni wanaume. Uhuru uliodaiwa dhidi ya afisa na chifu haukudaiwa kwa nguvu ileile ndani ya kaya. Vilevile, suala la nani alikuwa mzao wa mtumwa na nani mzao wa mwungwana lilifunikwa na umoja wa kisiasa; halikujadiliwa likaisha. Ukimya huo una gharama yake, kwa sababu jamii isiyolitaja jeraha haiwezi kujua kama limepona.

Baada ya bendera

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria. Kwa mtazamo wa Usambara, hilo la pili lilikuwa tukio kubwa sawa na la kwanza. Lakini wito wa Uhuru na Kazi uliofuata ulileta swali la zamani katika mavazi mapya: kazi ya nani, kwa amri ya nani? Katika miaka ya 1970, wakati wa operesheni za kuwahamishia watu vijijini na kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, sheria ndogo za kuwalazimisha wakulima kulima kiasi fulani zilirudi sehemu nyingi za nchi. Serikali ilikuwa ya wananchi, na malengo yake yalikuwa tofauti. Hata hivyo, mkulima aliyesimama mbele ya mahakama kwa kosa la kutolima alivyoamriwa alikuwa na haki ya kuuliza kama neno uhuru bado lina maana aliyoipigania.

Kwa hiyo kuurejesha mgogoro wa matuta mahali pake katika historia si kazi ya kuwatukuza wazee tu. Ni kulinda kipimo. Taifa linalokumbuka kwamba uhuru wake ulianza kudaiwa na wakulima waliokataa kutumwa katika mashamba yao litakuwa na uangalifu zaidi linapotunga amri kwa wakulima wa leo, iwe kwa jina la mazingira, la maendeleo au la hifadhi.

Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mitaala ya historia na ya fasihi iutaje upinzani wa Usambara kwa jina la uasi, na iuweke kando ya Kiva, Maji Maji na Morant Bay, ili mwanafunzi auone uzi unaoziunganisha. Jamaika imemtangaza Bogle kuwa shujaa wa taifa. Wakulima wa Mlalo hawana hata aya moja katika vitabu vingi vya shule. Pili, kamusi za Kiswahili zionyeshe historia ya maneno mtumwa, mwungwana, huru na uhuru, badala ya kuyapa visawe vya siku hizi peke yake. Tatu, na hili haliwezi kungoja, masimulizi ya matuta yakusanywe kwa Kishambaa na kwa Kiswahili kuanzia Vugha na Mlalo hadi vijiji vya chini kama Mnazi, ambako habari za mlimani na za mkonge hukutana. Wanawake waulizwe kwanza, kwa kuwa wao ndio walioulizwa kidogo. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mpango ulipoanza mwaka 1946 alizaliwa mwaka 1936. Wanaokumbuka kwa macho yao wamebaki wachache, na kila mwaka unaopita bila kinasa sauti huipunguza maktaba ambayo hakuna chuo kikuu kitakachoweza kuinunua tena.